Kuondoa rangi ya zamani kwenye baraza la mbao: mwongozo kwa wakazi wa Gisenyi na ukingo wa Kivu

Mvua za masika zinapokatika, mji wa Gisenyi huonekana kama uliooshwa upya, lakini mabaraza ya mbao yanayotazama Ziwa Kivu huwa yameumia. Rangi iliyong'aa mwaka uliopita imebanduka kama maganda ya kitunguu. Penye kivuli pamefanya ukungu mweusi, na penye jua kali mbao zimegeuka kijivu. Mwenye nyumba, akijua kwamba wageni wa kiangazi wako njiani, humwita fundi na kumpa agizo fupi: paka juu yake. Fundi hupaka, baraza hupendeza kwa majuma machache, na mvua za vuli zinaporejea rangi mpya hubanduka pamoja na ile ya zamani iliyokuwa chini yake.

Kosa si la rangi, wala mara nyingi si la mkono wa fundi. Rangi iliyopakwa juu ya rangi haishiki mbao, hushika kile kilichopo chini yake. Kama kilichopo chini kimekwisha kuachia, kilichopo juu hakina pa kujishikiza. Kwa hiyo kazi kubwa ya kulifufua baraza ni kuondoa, na kupaka ni sehemu yake ndogo ya mwisho.

Lakini jambo la pili husahaulika zaidi. Rangi inayoondolewa haipotei. Huenda kwenye mapafu ya anayepiga msasa, kwenye udongo ambako watoto huchezea, au ziwani ambako watu huvua sambaza na kuoga. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuifanya kazi hiyo kwa ukamilifu, na bila ya mtu mwingine kulipia uzuri wa baraza letu kwa afya yake.

Kwa nini mbao za nje huchakaa upesi hapa

Gisenyi iko karibu na nyuzi 1 na dakika 42 kusini ya ikweta, na maji ya Kivu yenyewe yako mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo, karibu na ikweta, miale ya urujuanimno hufika ikiwa na nguvu kubwa mwaka mzima, hata siku ambazo hewa ya ziwa hutufanya tusilisikie joto la jua. Miale hiyo huvunja lignini, yaani ile gundi ya asili inayoshikilia nyuzi za mbao pamoja. Nyuzi zikikosa gundi hulegea, hugeuka kijivu na kusimama kama manyoya. Rangi iliyokuwa imezishika nyuzi hizo huachia.

Kisha huja maji. Rwanda ina misimu miwili ya mvua, ile ndefu ya Machi hadi Mei na ile fupi ya Septemba hadi Desemba. Ubao unaponyonya maji huvimba, na unapokauka husinyaa. Nyuzi za mbao hucheza hivyo mara nyingi kwa mwaka, lakini vanishi ngumu iliyokauka juu yake haiwezi kucheza nazo. Hupasuka. Maji huingia katika ufa, hukwama chini ya vanishi, na hapo ukungu na kuoza huanza mahali pasipoonekana.

Aina ya mbao nayo ina neno. Mabaraza mengi ya Rubavu yamejengwa kwa mkaratusi, ambao Kinyarwanda huuita inturusu, au kwa paini, au kwa mbao ngumu kama libuyu na muvula, ambazo nyingi huvuka mpaka kutoka Kongo. Paini ni laini na hukwaruzika kwa urahisi. Mkaratusi hupinda na kupasuka ukikaushwa haraka. Libuyu na muvula hustahimili zaidi, lakini libuyu ina tanini nyingi na hubadilika kuwa nyeusi inapoguswa na dawa kali. Fundi asiyejua amesimama juu ya mbao gani hana budi kuuliza kabla ya kufungua kopo.

Tambua kwanza unachoondoa

Kuna makundi matatu. La kwanza ni mafuta na rangi za kupenya, ambazo huingia ndani ya mbao bila kuacha ngozi juu. La pili ni vanishi na rangi angavu zinazofanya utando. La tatu ni rangi nzito isiyoonyesha nyuzi za mbao hata kidogo. Kila kundi lina dawa yake, na kutumia njia ya kundi moja kwa lingine ni kupoteza siku na fedha.

Majaribio matatu rahisi yatakupa jibu. Dondosha matone ya maji mahali kadhaa. Yakinywewa katika dakika chache, mafuta ya zamani yamekwisha na huenda kuosha pekee kukatosha. Yakikaa juu kama shanga, bado kuna kizuizi. Pili, kwangua kwa ukingo wa sarafu. Kikitoka kipande chembamba mfano wa plastiki, huo ni utando. Usipotoka utando bali unga wa mbao wenye rangi, ni mafuta yaliyopenya. Tatu, weka tambara lenye spiriti juu ya mahali padogo kwa dakika tano. Vanishi za zamani za sheleki zitalainika na kunata, na rangi nyingi za maji zitalainika pia. Zile za mafuta hazitajali.

Fanya majaribio hayo mahali pa jua, mahali pa kivuli na chini ya meza ambayo haijasogezwa kwa miaka. Baraza moja laweza kuwa na hali tatu tofauti.

Hali mbili za kusimamisha kazi

Kabla ya kugusa msasa, kuna maswali mawili ambayo jibu lake laweza kubadilisha mpango wote.

La kwanza ni umri wa rangi. Gisenyi ina nyumba zilizojengwa tangu enzi za ukoloni, na baadhi ya nguzo na kingo za mabaraza yake zina tabaka juu ya tabaka. Rangi za zamani mara nyingi zilitiwa risasi ili zikauke upesi na kudumu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na anayeumia zaidi ni mtoto mdogo, kwa kuwa ubongo wake bado unakua naye hutia mikono kinywani. Kwa rangi mpya, mashirika ya Umoja wa Mataifa hupendekeza kiwango kisichozidi sehemu 90 katika milioni, lakini pendekezo hilo haliwezi kusafisha kilichopakwa miaka 50 iliyopita. Rangi nzito ya kale isipigwe msasa mkavu, wala isichomwe kwa moto ili ibanduke. Ilowanishwe, ikwanguliwe ikiwa mbichi kwa maji, na vipande vyote vikusanywe. Watoto na wajawazito wakae mbali hadi usafi umalizike.

La pili ni nguzo na mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa. Katika Afrika Mashariki nguzo nyingi za umeme hulindwa kwa dawa yenye shaba, kromi na aseniki, na nguzo kuukuu huishia kujengea mabaraza na vibanda. Ubao au nguzo yenye rangi ya kijani kibichi iliyoingia hadi ndani ni ya kutiliwa shaka. Usiipige msasa, usiirande, na zaidi ya yote usiichome jikoni. Moshi na majivu yake hubeba aseniki. Ioshe kwa sabuni na uipake mafuta juu yake, au uibadilishe.

Soma kopo, hata kama hujui lugha yake

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, lakini makopo ya dawa yanayouzwa madukani bado huja na maandishi ya Kifaransa, Kiingereza au Kichina. Kwa msikilizaji anayetegemea Kiswahili kazini, hilo si jambo la heshima ya lugha tu. Ni jambo la macho na ngozi.

Kwa bahati nzuri kuna alama zinazoeleweka popote, zilizokubaliwa kupitia Umoja wa Mataifa. Kila moja huwa ndani ya pembe nne nyekundu iliyosimama kwa ncha yake. Picha ya majimaji yanayodondokea mkono na kuula maana yake ni kwamba dawa huunguza ngozi na kupofusha macho. Fuvu la kichwa na mifupa miwili ni sumu inayoweza kuua upesi. Ndimi za moto ni kitu kinachoshika moto. Mtu mwenye nyota iliyopasuka kifuani ni dawa yenye madhara ya muda mrefu, kama vile saratani. Samaki aliyekufa kando ya mti mkavu ni sumu kwa viumbe vya majini, na mtu anayefanya kazi kando ya Kivu hana udhuru wa kuipuuza alama hiyo.

Neno la Kifaransa décapant juu ya kopo maana yake ni dawa ya kubandua rangi. Angalia orodha ya viambato. Ukiona dichloromethane, au jina lake jingine methylene chloride, rudisha kopo hilo rafuni. Mvuke wake umewaua wafanyakazi waliokuwa wakibandua rangi katika vyumba visivyopitisha hewa. Umoja wa Ulaya uliiondoa kwa umma katika dawa za kubandua rangi mwanzoni mwa muongo uliopita, na Marekani ikapiga marufuku kuiuzia umma kwa kazi hiyo mwaka 2019.

Maandalizi ya siku ya kwanza

Chagua kiangazi kikuu, ambacho Kinyarwanda hukiita impeshyi, kuanzia Juni hadi katikati ya Septemba. Kiangazi kifupi cha Januari na Februari chafaa pia, ila mvua ya ghafla haikosekani.

Ondoa viti, meza na vyungu vya maua. Gonga misumari iliyochomoza hadi vichwa vyake vizame milimita mbili au tatu chini ya uso wa ubao, maana kichwa kimoja kitararua msasa na chaweza kumjeruhi fundi. Chokoa kila ubao kwa ncha ya bisibisi, hasa kwenye ncha za mbao na mahali zinapolala juu ya boriti. Bisibisi ikizama bila nguvu, ubao huo umeoza. Hakuna rangi itakayouponya. Ubadilishwe sasa, kabla ya gharama nyingine. Fagia, kisha osha kwa maji na sabuni kwa brashi ya nyuzi ngumu, ukifuata urefu wa ubao. Brashi ya chuma isitumike: vipande vyake hubaki ndani ya mbao, hushika kutu na kuacha madoa meusi.

Njia ya kwanza: dawa ya kulainisha

Kwa mafuta na rangi za kupenya, dawa iliyo nafuu na inayofanya kazi vizuri ni soda kali, ileile inayotumiwa na watengeneza sabuni. Kazi yake hapa ni ileile pia: hugeuza mafuta ya zamani kuwa sabuni, nayo sabuni huondoka kwa maji.

Valia glavu ndefu za mpira, miwani inayofunika macho pande zote, buti na nguo za mikono mirefu. Tumia ndoo ya plastiki. Kamwe usitumie chombo cha alumini, kwa kuwa soda huila na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Pima maji kwanza, kisha nyunyiza soda kidogo kidogo ukikoroga kwa kijiti. Usimimine maji juu ya soda, maana mchanganyiko utachemka na kuruka usoni. Gramu 20 hadi 30 kwa kila lita ya maji zinatosha, na lita moja hutosha mita nne hadi tano za mraba. Baraza la mita za mraba 20 litahitaji lita nne au tano.

Jaribu kwanza mahali pasipoonekana na usubiri. Kisha fanya kazi asubuhi au jioni, kivulini, kipande kwa kipande kisichozidi mita mbili za mraba. Lowanisha mbao, paka dawa, iache dakika 10 hadi 20, na usiiruhusu ikauke. Rangi ya zamani itageuka ute wa kahawia. Sugua kwa brashi ukifuata nyuzi, kusanya ute, kisha suuza. Mahali sugu parudiwe mara moja. Parudiwapo mara nyingi, nyuzi za mbao zenyewe huanza kuyeyuka.

Soda ikimwangukia mtu mwilini, avue nguo iliyolowa na amwagiwe maji safi mengi yanayotiririka kwa robo saa au zaidi, kisha aende kituo cha afya. Ikiingia jichoni, aoshwe vivyo hivyo bila kukatiza na apelekwe hospitali mara moja. Siki isitiwe kwenye ngozi wala jicho lililoungua. Weka ndoo ya maji safi karibu kabla ya kuanza, kwa kuwa wakati wa ajali hakuna muda wa kuitafuta.

Klorini ya kufulia haifai kwa kazi hii. Hufanya mbao kuwa nyeupe kwa kuzidhoofisha nyuzi, na haiondoi rangi. Ikichanganywa na asidi yoyote hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu.

Njia ya pili: kikwangulio na msasa

Utando wa vanishi hauogopi sana soda. Huu huondolewa kwa kikwangulio chenye makali, kikivutwa kuelekea mwilini kwa kufuata nyuzi, na kunolewa mara kwa mara. Kikwangulio kikali hutoa utando kwa vipande na hakirushi vumbi, jambo linalokifanya kiwe salama kuliko mashine, ingawa ni cha polepole.

Baada yake ndipo msasa. Anza na namba 40 au 60 penye utando uliobaki, na umalize kwa namba 80. Hapo simama. Wengi hudhani kwamba msasa laini zaidi ni kazi bora zaidi. Kwa meza ya sebuleni ni kweli, lakini kwa sakafu ya nje msasa wa 120 au 180 huziba vinyweleo vya mbao, na mafuta mapya hayapati njia ya kuingia. Mashine ya msasa isisimamishwe mahali pamoja ikizunguka, maana itachimba shimo litakaloonekana kila jua linapochwea.

Vumbi la mbao si uchafu wa kawaida. Tangu mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka katika kundi la kwanza, yaani vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Kitambaa kilichofungwa usoni hakizuii chembe laini. Fundi anahitaji barakoa iliyoandikwa FFP2 au zaidi, inayobana usoni bila upenyo, na ibadilishwe inapoziba. Mwenye nyumba anayenunua mafuta ya bei kubwa na kumwacha kijana apige msasa siku tatu bila barakoa amepanga vibaya bajeti yake.

Kuhusu mashine ya kuoshea kwa shinikizo

Mashine hizi zimezoeleka, kwa kuwa huosha magari. Juu ya mbao zataka mkono mpole. Kwa paini shinikizo lisizidi bari 40 hivi, na kwa mbao ngumu lisizidi bari 80 hadi 100. Tumia ncha inayotawanya maji kama upepeo, uishike sentimita 30 kutoka kwenye ubao, na uisogeze muda wote. Ncha ya mkondo mmoja mwembamba huchora mbao kama patasi. Mashine ni ya kusuuza kilicholainishwa tayari. Ukiona inabidi uikaribishe sana ili rangi itoke, dawa haijafanya kazi yake.

Kuzima dawa na kurudisha sura ya mbao

Soda ikibaki ndani ya mbao itapigana na mafuta mapya kama ilivyopigana na ya zamani. Baada ya kusuuza, paka mchanganyiko wa asidi ya oksaliki, gramu 30 hivi kwa lita moja ya maji, uache dakika 10 hadi 15 na usuuze tena. Asidi hii huizima soda, hurudisha wekundu wa libuyu na kuondoa madoa meusi yaliyotokana na misumari kukutana na tanini. Ni sumu ikimezwa, na unga wake usivutwe puani. Ikikosekana, asidi ya sitriki hufanya kazi hiyo kwa upole zaidi. Siki huizima soda, lakini haiondoi madoa sawasawa.

Nyuzi zilizosimama baada ya kuoshwa hulazwa kwa msasa wa 80 wa mkono, lakini tu mbao zikishakauka.

Subira ya kukausha

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Uso wa ubao hukauka kwa saa chache, lakini ndani maji hubaki. Katika kiangazi kikavu ngoja siku mbili hadi tatu. Mawingu yakitanda, ngoja juma. Wenye kipimo cha unyevu wasubiri kishuke chini ya asilimia 15. Wasio nacho wafunike mahali padogo kwa bakuli la kioo lililogeuzwa, juani, kwa saa moja au mbili. Matone yakijikusanya ndani ya bakuli, mbao bado zinapumua maji.

Ziwa liko hatua chache

Kanuni za mazingira za Rwanda zimeweka ukanda wa mita 50 kutoka ukingo wa ziwa kuwa eneo la kulindwa, lakini maji ya kusuuzia hayasomi kanuni. Hufuata mteremko. Kabla ya kuanza, angalia maji ya mvua hukimbilia wapi kutoka barazani. Tandaza turubai, ambalo wengi hapa huliita shitingi, chini na pembeni ya baraza. Jenga kingo ndogo za mchanga au pumba za randa ili zinywe ute. Ute wenye rangi uzolewe kwa koleo na kutiwa katika ndoo yenye mfuniko, usiachwe mfereji uuchukue. Funika mimea, na uimwagilie maji safi kabla na baada.

Mashua za kutembeza watalii zina sitaha za mbao zinazohitaji kazi hiihii. Zivutwe hadi nchi kavu, mbali na maji. Kubandua rangi mashua ikiwa imefungwa gatini ni sawa na kumimina dawa ziwani kwa mkono.

Vipande vya rangi, msasa uliotumika na vumbi vifungwe na kupelekwa kwa wazoaji taka wa eneo, wakiambiwa ni nini. Mbao zilizotolewa zikiwa na rangi zisipelekwe jikoni wala kwenye majiko ya kuchomea mishikaki. Nyama ikiiva juu ya rangi ya kale, moshi wake haubaki mekoni.

Matambara yanayowaka yenyewe

Hatari ya mwisho huja siku ya furaha, mafuta mapya yanapopakwa. Mafuta ya kitani na mengine yanayokauka kwa kuvuta oksijeni hutoa joto yanapokauka. Juu ya ubao joto hilo hutawanyika. Ndani ya tambara lililokunjwa na kutupwa pembeni hujilimbikiza hadi tambara likashika moto bila kiberiti.

Tarehe 23 Februari 1991, mjini Philadelphia, Marekani, matambara yenye mafuta ya kitani yaliyoachwa na mafundi waliokuwa wakisafisha mbao za ukutani yaliwaka katika ghorofa ya 22 ya jengo la One Meridian Plaza. Moto ulidumu kwa zaidi ya saa 18, ukaunguza ghorofa nane na kuua wazimamoto watatu. Jengo halikutumika tena, na hatimaye lilibomolewa. Kazi iliyokuwa ikifanywa ilikuwa ndugu ya hii ya barazani. Tandaza kila tambara peke yake juu ya mawe hadi likauke na kuwa gumu, au lizamishe ndani ya debe la bati lenye maji na mfuniko.

Makubaliano na fundi

Migogoro mingi kati ya mwenye nyumba na fundi huzaliwa na bei moja iliyotajwa kwa kazi mbili. Ni vyema kuondoa na kupaka kulipwe mbalimbali. Fundi aliyelipwa kwa jumla hana sababu ya kusubiri siku tatu mbao zikauke, na mwenye nyumba aliyeahidi wageni Jumamosi hana subira ya kumwacha asubiri. Bei ya kuondoa iwe na barakoa, glavu, miwani na turubai ndani yake. Vitu hivyo ni zana kama randa na nyundo, si hisani.

Mwenye shaka kama kazi hii ina thamani, na aangalie upande wa Gishwati. Msitu ule wa milimani, uliokuwa na hekta zipatazo 28,000 katika miaka ya 1970, ulibaki na mia chache tu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla ya juhudi za kuurudisha kuanza. Ubao wa libuyu uliokwisha kukatwa na kuvushwa mpaka waweza kutumika miongo kadhaa ukitunzwa. Ukitupwa kwa sababu ya rangi mbaya, mti mwingine utaangushwa mahali fulani.

Namna ya kupokea kazi ni rahisi, na haihitaji utaalamu. Kabla ya kopo jipya kufunguliwa, mwenye nyumba na fundi wasimame pamoja barazani na kudondosha matone ya maji mahali kumi tofauti, juani na kivulini. Yote yakinywewa upesi na kwa usawa, mbao ziko tayari. Likibaki tone moja limekaa juu kama shanga, kazi ya kuondoa haijakwisha.